Penseli ya Karani wa Tikiti

Karani wa tikiti za basi pale Malindi alipokea orodha za safari kwa vidole viwili, kama ashikaye samaki wa jana, kisha akaichomoa penseli nyuma ya sikio. Orodha ya binti mmoja, Tumu, likizo ya mwaka themanini na sita, ilikuwa na miji mitano kwa siku saba.

"Lamu una nani, mwanangu?"

"Shangazi."

Akaifuta Kisumu kwa mstari.

"Mombasa?"

"Mama wadogo wawili."

Nairobi na Voi nazo zikaenda.

"Nitapita kuwaamkia tu!" Tumu akacheka.

Karani akailamba penseli, akamwandikia Lamu peke yake, tarehe ya kurudi akaiacha wazi.

Siku ya kumi Tumu alirudi, hina hadi viwikoni, akamwekea halua dirishani.

"Mombasa wako wawili," alisema kwa upole. "Niombe likizo ya wiki ngapi?"