Bomba Lililoibuka Bandarini

Bado naliona lile bomba lilivyoibuka, mwanangu. Lilitoka majini kama mgongo wa kiboko, likaupindua mtumbwi tuliopanda mimi na kaka yangu Yohana, baba yako. Tulikuwa tunavuka bandari kupeleka mahindi mashineni. Mimi nililishika bomba hilohilo nikapona. Baba yako alinaswa chini yake, na walipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Wewe ulikuwa bado tumboni, kwa hiyo nikueleze lilikotoka.

Miaka ile ya tisini, chemchemi nzuri ilikuwa ng'ambo ya bandari yetu. Sisi wa upande huu tulikunywa maji ya ziwa, na watoto wakiharisha kila mara. Ukaja mradi wa kulaza bomba la plastiki chini ya maji. Msimamizi alikuwa Fundi Mashaka, mtoto wa hapahapa. Plastiki ni nyepesi, lazima ifungwe mawe ya zege kwa waya ndipo ilale. Waya ukachelewa, na mgeni rasmi alikuwa anakuja kesho yake kufungua maji. Mashaka akatutuma porini tukachune kamba za magome ya miti ya miyombo.

Baba yako akacheka. "Fundi, tunafunga bomba au mzinga wa nyuki? Kamba hii ikikaa majini inaoza."

"Naijua, Yohana, nami nimekulia humuhumu," Mashaka akasema. "Ishike tu mpaka mgeni aondoke. Waya ukija tutabadilisha."

Tukafunga. Mgeni akafungua koki, maji yakatoka, akina mama wakapiga vigelegele. Hata mimi nilicheza, sikufichi.

Waya ukaja kweli. Mwenyekiti wetu, Kalulu, akauchukua akazungushia zizi la ng'ombe wake. Baba yako akamfuata Mashaka kumuuliza. "Kwani maji hayatoki?" akajibiwa. "Acha uchokozi, bwana mdogo." Kiangazi kikafika, chemchemi ikapungua, hewa ikajaa bombani, na zile kamba zilizooza zikaachia mawe. Yaliyofuata nimeshakuambia.

Msibani Kalulu alisimama akasema ni kazi ya Mungu. Nyie mliozaliwa baadaye mmekua mkiambiwa hivyo.

Sasa unajifunza ufundi bomba pale Mpanda. Siku bosi atakapokwambia ishike tu mpaka mgeni aondoke, weka spana chini. Mgeni ataondoka, na bomba litabaki na watu. Bosi atakuita mchokozi. Ukubali kuitwa hivyo, baba yako aliitwa. Mungu ailinde mikono yako, majini na nchi kavu, na mtoto utakayempata aijue sura ya baba yake.

Mimi baba yako mdogo nina langu bado. Mashaka anaishi Misunkumilo, anaota jua barazani. Kalulu yupo hapa kijijini, na waya ule umeshika kutu kwenye zizi lake. Pole zao sizitaki. Waje wasimame pale gatini, mbele ya watu na mbele yako, wajibu: Yohana alikufa kwa kazi ya Mungu, au kwa kazi yenu?