Nilivyompofusha Baba Mkwe kwa Karatasi

Ukweni kwangu Magu wananiita daktari, nami sijawahi kukataa, ingawa kazi yangu Mwanza ni kupima damu maabara.

Mwezi uliopita tulitafuta watu wenye macho mazima, tulinganishe damu yao na ya wagonjwa wa macho. Baba mkwe, mwalimu mstaafu, akajitolea. Majibu yakaonyesha damu yake ina kingamwili, yaani protini za kupambana na maradhi, zinazoweza kugeuka na kushambulia retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Sikuuliza mtu. Nikakimbilia Magu na karatasi, nikatangaza kwamba mzee anapofuka.

Mama mkwe akaangua kilio. Mimi nikaifungia baiskeli ya mzee stoo, nikawa namshika mkono mpaka mlango wa choo, mbele ya wakwe wote.

Siku ya tatu mzee akasema, "Daktari, hebu nione hiyo karatasi."

Nikampa kwa huruma. Akaisogeza dirishani, bila miwani, akasoma kwa sauti maandishi madogo ya chini kabisa, ambayo mimi sikuwa nimeyasoma:

"Kingamwili hizi hupatikana pia kwa watu wenye afya. Zenyewe tu hazithibitishi ugonjwa."

Akaikunja taratibu, akanirudishia.

"Daktari, lete ufunguo wa stoo. Halafu ukapime macho."