Kochi Lisilosogea

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na jiwe sebuleni. Sisemi kokoto, wala lile jiwe la kuzuia mlango upepo ukivuma. Nasema jiwe, mama wa mawe, limelala upande wa kushoto ukiingia kama ng'ombe watatu wa Kisukuma walioshiba wakagoma kuondoka. Mwenye nyumba alijenga huko juu Mabatini, mlimani, na alipolikuta hakulipasua wala hakulikwepa. Alipandisha kuta kulizunguka, akaezeka bati, akaendelea na maisha yake. Siku aliyonionyesha vile vyumba viwili alipita mbele ya jiwe mara tatu bila kulitaja, kama mtu anayempita mtalaka wake sokoni. Nilipouliza, akasema jiwe hilo halina shida na mtu: halili, halipigi muziki, na wapangaji wote walionitangulia walilizoea.

Nikachukua. Mimi nimesoma sekondari shule ya jioni, nikamaliza kidato cha nne nina miaka thelathini na moja, ndevu zangu zikiwa zimezizidi za mwalimu wa jiografia. Mtu wa namna hiyo hashindwi na jiwe.

Sasa, kulikuwa na sababu ya kupamba haraka. Mchumba wangu ni wa Ukerewe, na kwao neno la mwisho la posa halikuwa la baba wala la mama. Lilikuwa la shangazi yake, mfanyabiashara wa dagaa wa Nansio. Shangazi alikuwa ametuma ujumbe kwamba kabla hajasema ndiyo wala hapana, atavuka maji aje aone binti wa kaka yake anapelekwa kukaa wapi. Akikuta pango, mazungumzo yamekwisha. Nilikwisha kusikia kwamba mposaji aliyenitangulia alikataliwa kwa sababu pazia lake lilikuwa fupi kuliko dirisha.

Mchumba wangu mwenyewe alilipenda jiwe. Siku ya kwanza kuliona alilikalia, akaniambia niliache hivyo hivyo, nilipige maji tu. Nikamwona hajui mambo. Mimi nilikuwa nimeshazitazama kwenye simu sebule za watu, zile zenye kochi refu linalopinda kona. Wenzangu waliohamia Buswelu, kwenye viwanja tambarare kama meza, wote walikuwa nalo. Nikalitazama jiwe. Nalo lilikuwa na kona. Nikaenda kwa fundi seremala.

Fundi alipanda mpaka kwangu akafika amekwisha kabisa, akashika kiuno, akalitazama jiwe muda wa kuchemsha maharage.

"Msomi," akaniambia, "unataka nikutengenezee kochi, au nilivalishe hili suruali?"

Nikamwambia yote mawili. Akapiga fremu ya mbao kulizunguka, akalipandisha sponji, akafunga kitambaa cha rangi ya damu ya mzee chenye maua ya dhahabu. Alipomaliza, hata mimi nilisahau kilichomo. Lilikuwa kochi la watu kumi na wanne. Kamati nzima ya harusi ingekaa pale, ikagombana pale, ikavunjikia pale pale. Fundi aliondoka akitikisa kichwa, akisema amewahi kutengeneza vitanda na majeneza, ila mlima hajawahi kuushonea nguo.

Basi moto ukanipanda. Friji niliyopewa na rafiki, iliyokufa zamani na ambamo nilikuwa natunza mashati, niliifunika kitambaa cha kufuma. Runinga isiyo na kitu ndani, ganda tupu kama la kobe, nayo ikapata kitambaa chake. Ufa wa ukutani nikaufichia picha kubwa ya maporomoko ya maji, ya nchi gani sijui. Kuta nikazipaka rangi ya chungwa, chungwa kweli kweli, hadi nzi wakiingia walikuwa wanajigonga kwa kudhani ni tunda. Mchumba wangu alipokuja kutazama alisema nyumba imependeza kama bibi harusi aliyepakwa poda na watu watano wasioelewana. Nikamwuliza shangazi akija atasemaje. Akanijibu kwamba shangazi ana macho yake.

Shangazi alifika siku moja mchana, jua la kukausha hata mawazo. Alipanda mlima bila kuhema, mimi nikiwa nyuma na mfuko wake wa dagaa, nahema kama pampu ya baiskeli. Nikamkaribisha, nikarudia shikamoo kwa usalama, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa yameshafika chumba cha pili. Alikagua mapazia. Yaligusa sakafu, Mungu mkubwa. Kisha akakaa kwenye kochi, akajirusharusha kidogo kama anayepima godoro, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kuhesabu watoto.

"Kochi zuri," akasema. "Ila limekaa vibaya."

Alieleza kwamba linamfanya mgeni aupe mlango mgongo, na mtu aliyeupa mlango mgongo hali chakula akashiba. Lisogezwe upande wa dirisha. Nikasema ni zito. Akasema ameshusha magunia mazito kuliko mimi. Nikasema fundi amekataza, gundi haijakauka, inataka miezi sita.

"Gundi gani hiyo? Ya kuungia meli?"

Akajifunga kanga kiunoni. Mchumba wangu, aliyekuwa akitusubiri ndani, alikuwa amekwenda dirishani kutazama ziwa kwa makini sana, mabega yakimtikisika. Shangazi akaniamuru nishike upande wa kule, yeye akashika huku, akahesabu moja, mbili, tatu. Nikasukuma kwa sura tu. Mishipa ya shingo niliitoa yote, nikatoa na sauti. Yeye alisukuma kweli. Mara ya kwanza kochi halikusogea. Mara ya pili aliweka bega, ubao ukalia kwaa, kitambaa kikachanika kutoka mkononi mwake hadi pembeni, sponji likaruka, na pale katikati ya maua ya dhahabu likachungulia jiwe, la kijivu na upara, kama kiboko aliyekuja kusalimia.

Shangazi aliinama, akaligonga kwa kidole.

"Hili ni jiwe."

"Ndiyo, shangazi."

"Umelivalisha nguo."

"Ndiyo, shangazi."

Akasimama wima, akatazama kitambaa cha friji, kitambaa cha runinga, picha ya maporomoko, mwisho akanitazama mimi.

"Na kingine kilichovaa nguo humu ndani ni kipi?"

Nimewahi kufanya mitihani, lakini swali kama hilo sijapewa. Nikafungua friji, mashati yakaonekana. Nikageuza runinga. Nikashusha maporomoko, ufa ukajitokeza, na mjusi mmoja aliyekuwa kapanga humo akatoka kwa hasira. Shangazi bado alikuwa ananitazama. Ikabidi nijivue na mimi. Nikamwambia kwamba lile neno mhitimu, nililokuwa nimelitumia kwao mpaka baba mkwe akadhani nimetoka chuo kikuu, lilikuwa la kidato cha nne, cha jioni, nimekipata juzi juzi nikiwa nimekaa dawati moja na mama muuza nyanya. Nilisema hivyo nikiwa natazama vidole vya miguu yangu, na sikuwa na mzaha wowote mdomoni. Nilijua mke ndiyo ananiponyoka hivyo.

"Ulifaulu?" akauliza.

"Hesabu hapana."

"Hesabu nani anafaulu," akasema, akachukua mfuko wake. Mlangoni akageuka. "Nyumba nimeiona. Wewe bado. Nikirudi mwezi ujao, nisikute kitu kimevaa."

Mwezi huo mchumba wangu alishika usukani, nami nikawa kibarua. Tuliling'oa kochi lote. Fundi alizichukua mbao akatutengenezea rafu za vyombo, akiuliza kila baada ya msumari mmoja yule mgonjwa aliyevuliwa suruali anaendeleaje. Jiwe tulilisugua kwa brashi na sabuni mpaka likatoa vimetameta ambavyo hata mwenye nyumba hakuwahi kuviona. Penye mteremko tukapanga maua kwenye makopo, penye kishimo tukaweka redio, juu penye bapa tukatandika mkeka. Kuta zikawa nyeupe. Ufa tukauziba kwa saruji. Mjusi alihamia kwa jirani. Jambo moja sikuwa nimelijua kwa sababu ya lile sponji: mchana wa jua kali, bati likiwa linaungua, jiwe lile linabaki baridi kama mtungi.

Shangazi alirudi na sato mkavu, safari hii amechoka, maana ziwa lilikuwa limechafuka na meli ilimrusha njia nzima. Hakukagua pazia. Alilizunguka jiwe mara moja, akavua viatu, akapanda, akajinyoosha kwenye mkeka. Alisema anajaribu tu. Nikamsubiri aseme neno, ndiyo au hapana. Badala yake akaanza kukoroma, mkoromo wa meli inayotoka bandarini, vikombe vikitetema kwenye rafu.

Mimi na mchumba wangu tulikaa sakafuni, migongo ukutani.

"Sasa hilo ni jibu gani?" nikanong'ona.

"Shangazi halali ugenini," akasema.

Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikaenda kwa vidole kumloweka sato wake.