Waliponitaka Niseme Nilikosea Kuhesabu

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya ndoa yangu, na mama yako akisikia hivyo nitalala njaa. Umeniuliza, mwanangu, kwa nini nilishikilia kufundisha uraia miaka yote ile, somo ambalo wanafunzi walilitumia kupumzika baada ya hesabu na fizikia. Kaa nikueleze.

Nilikuwa mwalimu kijana hapa Lubumbashi, nimeoa juzijuzi, mama yako ana mimba ya kaka yako. Tulipofika kwenye somo la uchaguzi, niliona upuuzi kuchora sanduku la kura ubaoni. Nikawaambia wanafunzi wamchague wenyewe kiongozi wa darasa, chef de classe, badala ya mimi kumteua kama ilivyozoeleka. Walijitokeza wawili: Dany, mtoto wa tajiri mmoja wa mtaa wa Golf, na Ntumba, binti wa fundi cherehani ambaye babu yake alitoka mkoa wa Kasai. Tulihesabu kura mbele ya wote, kwa sauti. Ntumba alishinda waziwazi.

Kesho yake mkuu wa shule, tuliyemwita prefe, akaniita ofisini. Baba yake Dany alikuwa amekaa pale, wala hakuinuka kunisalimu. Yeye ndiye aliyekuwa amelipia paa jipya la shule.

"Uyu mutoto haiko wa huku," akasema. "Namna gani atakuwa chef wa batoto betu?"

Prefe akakwepa macho yangu. "Monsieur, uende useme tu ulikosea kuhesabu. Batachagula tena, mambo inaisha."

Hakusema nikikataa itakuwaje. Mkataba wangu ulisainiwa upya kila mwaka, na mwenye kusaini alikuwa yeye.

Niliogopa, mwanangu. Siku zile maneno ya nani mwenyeji na nani afungashe virago arudi Kasai yalikuwa kila mahali mjini, na watu walikuwa wanatazamana vibaya. Ntumba alizaliwa hapahapa. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia mbele ya wenzake kwamba ni mgeni.

Kwenye korido nikakutana na Maman Kalenga, mwalimu wa historia, mwenye umri wa mama yangu na ulimi mkali. Nikamsimulia, nikitegemea atanihurumia.

"Mudogo yangu," akasema, "ukibadanganya ile batoto leo, kesho utabafundisha nini? Bora uombe prefe akupe gymnastique, ufundishe batoto kuruka."

Nikamchukia kwa kitambo. Kisha nikaingia darasani, prefe na yule tajiri wakinifuata nyuma. Wanafunzi wakasimama kumsalimu prefe, wakaketi. Walikuwa wameshasikia kila kitu. Ntumba aliinamisha kichwa, ameng'ang'ania ukingo wa dawati.

Nikasema, "Jana tulihesabu pamoja. Sikukosea." Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto.

Tajiri akapiga hatua mbele. "Prefe, uyu muntu anatucheka?"

Prefe akafungua mdomo, nami nikajua kazi imekwisha. Ndipo Dany akasimama.

"Papa, nilishindwa," akasema. "Benzangu banamuchagula yeye. Njo vile iko."

Sikuwa nimewahi kumsikia mkubwa yeyote wa nchi hii akilitamka neno lile, "nilishindwa." Kijana mdogo alilisema mbele ya baba yake. Baba aligeuka, akaondoka bila kuaga. Nililia, na sioni haya kukuambia. Niligeukia ubao nikajifanya nafuta.

Mwaka uliofuata mkataba haukusainiwa. Tulihamia Kasenga, mji wa wavuvi kando ya mto, nikaendelea kufundisha, tukala samaki mpaka tukachoka, na kaka yako akajifunzia kutembea kule. Ntumba aliongoza darasa mpaka mwaka ukaisha.

Sasa na wewe unakwenda kushika chaki. Watalidharau somo lako, na mshahara utachelewa, kwa hiyo usiingie kwa kutegemea heshima wala mshahara. Watoto wanakuchunguza kila siku waone kama unaamini unayowaambia. Watakapokutaka uwadanganye, ogopa ukitaka, tetemeka ukitaka, lakini usiwadanganye. Huwezi kujua ni yupi kati yao anayekungoja wewe uanze.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie katika kila darasa, akukinge na wenye nguvu, na akujalie siku moja umsikie mwanafunzi wako akisema kweli inayomgharimu.