Video ya Baba Mkwe Inakwama Dakika ya Kumi na Nne

Admin, nifiche vizuri. Usiweke hata herufi ya kwanza ya jina langu, kwa sababu mume wangu anafuata ukurasa huu na anasoma mpaka komenti. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mwalimu wa fizikia. Kwetu ni Mbeya. Nilipangiwa kazi Hanang miaka tisa iliyopita nikaolewa hukuhuku. Tunaishi Katesh, nyumba ya kupanga. Mume wangu ndiye kitinda mimba kwao, na kwao ni upande wa Gitting. Baba mkwe alikuwa anaishi huko na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye alirudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa kumshinda. Huyo wifi ndiye aliyemuuguza mzee miaka minne. Kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani, ni yeye. Mzee ametangulia mbele za haki mwaka huu.

Wiki chache kabla hajafariki, mimi na mume wangu tulienda kumsalimia. Wifi alikuwa ameenda kuchota maji. Nilipompa mzee shikamoo akaniambia, "Mwalimu, lete simu yako. Nataka sema maneno, uyaweke." Nikaanza kumrekodi. Alianza kwa Kiswahili, akamshukuru Mungu, akaniita mwanangu, kisha akahamia Kiiraqw, lugha ya kwao. Mimi Kiiraqw najua salamu na majina ya vyakula tu, naona aibu lakini ndiyo hali halisi. Nilisikia jina la wifi mara tatu, na mzee akanyoosha fimbo kuelekea shambani. Nikamuuliza mume wangu, "Baba anasema nini?" Akajibu, "Anatubariki tu." Nikaridhika. Mle ndani tulikuwa watatu tu.

Sasa Jumamosi hii kuna ibada ya kumbukumbu, na ndugu wameniomba niandae video kwa sababu shuleni huwa nahariri za mahafali. Nikaunganisha picha za mzee, nyimbo za kwaya na yale maneno yake. Kufika kwenye ku-export, yaani kuitoa video nzima, inaenda vizuri mpaka asilimia 71, inagoma. Inaandika tu kwamba kuna hitilafu. Nikapunguza ubora wa picha. Nikafuta mafaili ili kuachia nafasi. Nikaondoa programu nikaiweka upya. Asilimia 71! Mume wangu akapita nyuma yangu na kikombe cha chai, akasema, "Si ukate hapo baba anapoongea, uweke pambio?"

Jamani, sikuwa nimemwambia inakwama wapi. Hata mimi nilikuwa bado sijajua.

Kesho yake nikaigawa video vipandevipande na kutoa kimoja kimoja. Vyote vilitoka isipokuwa cha dakika ya kumi na nne, na hapo ndipo mzee anapoongea. Nikafungua lile faili lenyewe kwenye laptop. Sekunde ishirini za Kiswahili, halafu rangi ya kijani tupu, hakuna sauti. Nikaangalia tarehe ambayo faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Ni siku niliyokuwa Masakta nasimamia mtihani. Nikamuuliza mume wangu kwa upole kama aligusa laptop siku hiyo. "Mimi na laptop yako wapi na wapi?" Tukala, tukamaliza, ndipo akasema mwenyewe, "Au labda ni ile siku nilikuwa namwangalia baba, umeme ukakatika." Laptop yangu ina betri, inakaa saa mbili bila umeme. Na kuangalia video hakubadilishi tarehe ya faili. Nikatoa vyombo.

Wiki ileile ya mtihani ndipo mume wangu alipomwambia wifi akishavuna atafute pa kwenda, maana mji wa baba ni wa mtoto wa mwisho. Wifi alilia sana. Akaniambia, "Baba alisema nibaki, lakini alisema tukiwa wawili. Nani ataniamini?"

Memori kadi ya ile simu niliyomrekodia mzee ninayo. Mume wangu ameiulizia mara tatu na mara zote nimemjibu ilipotea. Nimechukua kipande kutoka kwenye kadi, nikakiweka, na video imetoka mpaka asilimia mia. Nimemsikiliza mzee mpaka nimekariri sauti na bado sielewi. Walimu wenzangu wanaojua Kiiraqw, kama si ndugu za mume wangu ni marafiki zake. Inawezekana kweli ni baraka tu, na mimi namchafua mume wangu bure.

Kuna jingine, naomba msinitukane. Mume wangu ameahidi tutajenga kwenye shamba hilo. Miaka tisa napanga, nimechoka kuhamahama. Kuna siku niliishika ile kadi nikatamani ivunjike yenyewe.

Jana wifi alikuja mnadani, akapita kwetu na maharage kidogo. Akaniuliza, "Wifi, humo kwenye video baba anaongea? Sijasikia sauti yake tangu tumzike." Mume wangu alikuwa amekaa hapohapo, ananitazama. Nikasema kile kipande kimeharibika. Wifi akanishika mkono, akasema, "Pole wifi, najua umehangaika. Hata asipoongea, nitamwona."

Sijala vizuri tangu jana. Video ninazo mbili, moja ina pambio na nyingine ina mzee. Jumamosi ukoo mzima utakuwepo, na wote wanajua Kiiraqw. Nikiweka ya mzee, mimi ndiye nitakuwa wa mwisho kuelewa alichosema, na mume wangu atakuwa amekaa pembeni yangu. Dada zangu, kaka zangu, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Niweke ipi?