Kitambaa cha Koti la Kwenda Ukweni

Ipo siku ya mavuno ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na nimeikumbuka tena uliponionyesha picha za makoti kwenye simu yako. Unataka koti la matembezi, la kuvaa na suruali yoyote, na umeniuliza ushone kwa kitambaa gani. Naona unaangalia rangi tu. Kabla sijakujibu, nikupeleke kwanza Kasansa, nyumbani kwa baba yangu, siku Damiano alipokuja kujitambulisha.

Damiano alikuwa kijana wa Magamba. Mimi na yeye tulishakubaliana, kilichobaki ni baba kumkubali. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, na akishasema hapana, hata paroko asingembadilisha. Kwa hiyo tangu asubuhi nilikuwa roho juu.

Akaja na koti. Lilikuwa la kitambaa kizito cha bluu iliyokolea, kinachong'aa, jamii ya nailoni, na ndani limeshonewa kitambaa cha pili, bitana, kutoka mabegani hadi chini. Dukani Majengo, mjini Mpanda, chini ya taa, kilimpendeza. Juu ya gari la mizigo lililomleta kwetu, jua la mchana kichwani, kilikuwa kimeshamchemsha. Jasho lilimtoka kwenye nywele likaingia kwenye kola. Mama akampa maji ya kunywa, akamwambia, "Baba, vua koti upumzike." Akajibu, "Asante mama, niko sawa." Hakuwa sawa, kila mtu aliona.

Mpunga wetu ulikuwa umeanikwa uani kwenye maturubai, chakula cha nyumba nzima mpaka mavuno mengine. Wingu likaja ghafla, kama yanavyokuja mawingu ya mwisho wa mvua. Tukakimbia wote, mama, wadogo zangu, majirani, hata bibi na fimbo yake. Damiano akashuka kibarazani, akainama kushika turubai, koti likamkaza mgongoni. Akajinyoosha upesi, akarudi nyuma. Baba akamwita, "Kijana, vua hilo koti uje ushike huku!" Akatikisa kichwa. Akabaki pale kibarazani, ameshikilia vifungo kwa mikono yote miwili, na mvua ikanyesha juu ya mpunga wetu.

Niliona aibu, mwanangu, na hasira pia. Mvua ilipokatika baba alikung'uta mikono, akaniambia bila kupandisha sauti, "Mtu anayelinda koti kuliko chakula, binti yangu, kwake utakula nini? Mwambie awahi gari."

Nikamsindikiza barabarani, si kwa mapenzi. Nilikuwa nakwenda kumsema, na nilimsema kwelikweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama huku na huku, akavua koti, akanigeuzia mgongo. Shati lake lilikuwa zima mbele tu. Nyuma limechanika kutoka begani hadi kiunoni, mgongo wote nje. Kitambaa kile cha kung'aa kilikuwa kimemaliza mfuko wake, basi shati akaona litajificha humo ndani. "Sasa ningevuaje mbele ya mama yako?" akaniuliza. Na kwetu ni kweli, mkwe kuonyesha mwili mbele ya mama mkwe ni jambo ambalo watu hawalisahau. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye majani mabichi. Halafu nililia kidogo.

Nilimweleza mama, mama akamweleza baba. Baba akatuma salamu Magamba: kijana aje tena siku ya kupiga mpunga uliobaki shambani, na koti aliache kwao. Damiano akaja na fulana nzima, akapiga mpunga mpaka jua linazama. Baba akamwambia, "Leo ndiyo nimekuona." Nikajua nimeolewa.

Kabla ya harusi baba alifuatana nasi mpaka Majengo kutafuta kitambaa cha koti lingine. Alishika pembe ya kila kitambaa akakifinya ngumini, akakiachia, akatazama kama kimejikunja vibaya. Alikiinua mlangoni kwenye mwanga, akakiweka mdomoni na kupuliza, ajue kama hewa inapita. Kisha akamtupia Damiano begani na kumwamuru ainame, ainuke, anyooshe mikono. Mwenye duka akasema, "Mzee wangu, nyie mnanunua kitambaa au ng'ombe?" Baba hakucheka, aliendelea kupuliza. Tulichukua pamba nzito kiasi, isiyong'aa, rangi ya udongo mkavu. Fundi akaambiwa bitana aiweke mabegani na mikononi tu, na mgongo auache na nafasi.

Koti hilo Damiano alilivaa kanisani, mikutanoni na misibani. Lilipopauka akalihamishia shambani, asubuhi za baridi. Lile la kung'aa nilifunikia cherehani, na kwa kazi hiyo sina malalamiko nalo.

Sasa swali lako. Usichague kitambaa dukani kwa macho peke yake. Kitoe nje kwenye jua la Mpanda, maana huko ndiko utakakokivaa. Kifinye, kipulize, inama nacho. Kama safari zako ni za alfajiri, chukua kodrai au dengrizi, vitambaa vizito vya kuzuia baridi. Kama ni za mchana, chukua pamba au kitani, na ukiona kitani kinajikunja, kiache kijikunje, ndivyo kilivyo. Usikubali bitana nzima kwa koti la matembezi. Na shati, mwanangu, lishonwe au linunuliwe kwanza, kabla ya koti. Watu wengi wanaanzia juu, wanaishia kushika vifungo.

Nenda salama huko ukweni. Mungu akufungulie mlango wa watu wema, akupe mikono ya kazi na mke wa kucheka naye. Na mvua ikija mpunga ukiwa nje, akujalie liwe koti unaloweza kulivua.