Mama Mdogo na Ukuta wa Jiko

Mama mdogo alipokuja kukaa kwetu Buswelu alikuta tunakunywa maji yaliyochemshwa mara moja, akasikitika sana. Kuanzia siku hiyo yakawa yanachemshwa mara mbili. Ndizi zilioshwa kabla ya kumenywa. Mayai yalioshwa. Mume wangu akitoka kazini alisimamishwa mlangoni mpaka anawe mikono hadi kwenye viwiko, naye alitii bila neno, kwa sababu mama yangu mzazi alikwisha kufariki, na huyu mdogo wake ndiye aliyebaki kuwa mama mkwe.

Alikuwa amevuka kutoka Sengerema na begi moja na birika lake la chai. Daraja la Kigongo lilikuwa bado halijafunguliwa, na alituambia kwamba kwenye kivuko alikaa sakafuni njia nzima kwa sababu miguu ilikuwa mizito. Hakuwa mzee, hata hamsini alikuwa hajafika. Tukadhani ni uchovu wa kulima peke yake tangu mumewe afariki. Tukamwambia apumzike. Alipumzika, lakini uchovu haukuondoka. Akirudi dukani, kale kamlima ka kuja nyumbani alikapanda kwa vituo, amesimama katikati ya njia na mkono kifuani, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu. Chakula alikula kidogo. Dagaa hakugusa, alisema ni chakula cha kuku. Ila chai alikunywa kabla ya kula, wakati wa kula na baada ya kula, nyeusi kama lami.

Kisha ukuta wa jiko ukaanza kupungua.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma, lakini jiko lilikuwa nje, la udongo mtupu, na baba mwenye nyumba alikuwa amelijenga kwa mikono yake. Upande wa magharibi, chini ya kidirisha, palitokea shimo la ukubwa wa kikombe. Baada ya majuma machache likawa kama sahani. Halikuwa shimo la kubomoka. Kingo zake zilikuwa laini, nadhifu, na chini hapakuwa na hata chembe ya vumbi. Mume wangu ni fundi wa majokofu na anaamini kila tatizo lina sababu yake. Akachuchumaa, akapapasa, akasema ni mchwa. Mimi nikasema ni mbuzi wa jirani. Mama mdogo, aliyekuwa anaosha nyanya kwa mara ya pili, akasema kuta za udongo ndivyo zilivyo, zinapungua zenyewe kwa uzee.

Mwishoni mume wangu akaamua ni panya. Jumamosi moja asubuhi alirudi kutoka sokoni na sumu, akaichanganya na unga, akaenda jikoni na kijiti cha kupakia. Mama mdogo akamfuata na beseni lake la kuoshea.

"Mkwe wangu, unafanya nini?"

"Naweka sumu, mama. Leo huyu panya atanitambua."

"Panya naye ni kiumbe wa Mungu."

Mimi na mume wangu tukatazamana. Juma lililopita tu alikuwa ameua panya kwa ndala, halafu akaichemsha ndala.

"Watoto wa jirani wanaweza kushika," akasema tena.

"Nitawaambia wazazi wao."

"Na kuku?"

"Nitawafungia."

Mume wangu akachovya kijiti. Hapo mama mdogo aliacha beseni, akapita mbele yake, akaegemea ukuta na kutandaza mikono kama mtu anayezuia gari.

"Usipake hapo!" akapiga kelele. "Panya ni mimi!"

Tulimkalisha kwenye kigoda, akalia, na huku analia akaeleza. Ilianza na ule udongo wa sokoni, ule wanaonunua wajawazito. Ukawa haumtoshi. Mvua ikidondoka kwenye vumbi, ile harufu tu ilimjaza mate mdomo mzima. "Najizuia," alisema. "Nasali, natafuta kazi ya kufanya. Halafu nashtukia nimeshika kijiko."

"Kijiko gani?" nikauliza.

Akakitoa kwenye pindo la kanga. Kilikuwa kijiko cha chai, kinang'aa kuliko kijiko chochote ndani ya nyumba yangu. Alisema hukiosha kwa maji ya moto kabla na baada.

"Na ukuta wenyewe unauosha?" mume wangu akauliza, na naapa hakuwa anatania.

"Naufuta kwa kitambaa kwanza. Juu kuna vumbi."

Hatukujua kama baba mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikaa nyumba ya jirani, na zile kelele za panya zilikuwa zimemleta. Akasogea polepole, akaingiza ngumi yake kwenye shimo, ikaenea, nafasi ikabaki. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mchana tukaitwa. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, mwenye subira, aliyezoea kesi za mipaka na maji machafu.

"Mzee, eleza shida yako."

"Mwenyekiti, hawa wapangaji wananilia nyumba yangu."

"Hawalipi kodi?"

"Kodi wanalipa vizuri."

"Sasa wanaila kwa njia gani?"

"Kwa mdomo, mwenyekiti."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamgeukia mama mdogo. "Mama, ni kweli haya?"

"Ni kweli, baba. Lakini ni jiko tu. Nyumba kubwa sijaigusa."

"Kwa nini hujaigusa?"

"Matofali ya kuchoma yana ladha ya moshi."

Baba mwenye nyumba akaruka. "Mwenyekiti, ule ni udongo wa kichuguu! Nimeusomba mwenyewe kwa mkokoteni kutoka shamba la marehemu mama yangu, kule Usagara!"

"Ndiyo maana," mama mdogo akasema kwa sauti ya mtu aliyetatuliwa fumbo. "Nimekula wa Sengerema, nimekula wa Geita, nimekula wa sokoni. Hakuna unaoufikia huu. Mlaini, hausagi meno. Mama yako alikuwa na shamba zuri."

Uso wa mzee ukabadilika. "Alikuwa nalo," akasema taratibu. "Kweli hauna mchanga?"

"Hata chembe."

Akatutazama wote kama mtu aliyepewa zawadi mbele za watu. "Mayu," akamwambia, kwa lile neno la heshima la Kisukuma, "upande wa mashariki ndio niliouchekecha kabisa."

Mwenyekiti akapiga meza. "Mzee! Umekuja kushtaki au kukaribisha?"

Watu waliokuwa dirishani walicheka mpaka wakashikana. Nami nilicheka, siwezi kukataa. Mwenyekiti akamwamuru mama mdogo asimame, aahidi mbele yetu kwamba hatakula tena jengo lolote ndani ya mtaa wake. Mama mdogo akasimama, akafungua mdomo, midomo ikawa ya kijivu. Alishuka taratibu kama nguo inayoponyoka kwenye kamba, akalala sakafuni.

Kicheko kilikatika. Nilimwinua kichwa, nikakishika kiganja chake, na kwa mara ya kwanza nikakiangalia sawasawa. Kilikuwa cheupe kama kimepakwa unga. Kucha zilikuwa zimebonyea katikati kama vijiko vidogo. Nilikuwa nimekaa na mikono ile mezani kila siku, ikinikagua kama nimenawa. Baba mwenye nyumba ndiye aliyekimbilia barabarani kusimamisha bajaji, na ndiye aliyembeba.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana, mwanamke, mwenye macho ya kuchoka. Akamvuta mama mdogo kope ya chini, akatazama, akamsikiliza moyo. Kisha akauliza, kama anayeuliza jina:

"Mama, huwa unatamani vitu visivyo chakula? Barafu, mkaa, mchele mbichi, udongo?"

Mama mdogo akatazama dari. "Ukuta."

"Wa ndani au wa nje?"

"Wa nje."

Daktari akaitikia kwa kichwa na kuendelea. Nilitaka kumbusu kwa kutoshangaa kwake.

Vipimo viliporudi, damu yake ilikuwa chini sana. Daktari akatueleza kwamba mwili wake umeishiwa madini ya chuma, ambayo ndiyo yanayotengeneza wekundu wa damu, na ndiyo maana anachoka, moyo unamwenda mbio na kifua kinambana. Watu wengi wenye upungufu huo hushikwa na hamu ya ajabu ya kula udongo. Lakini udongo hautibu; unaweza hata kuuzuia mwili usichukue chuma kilichomo kwenye chakula, na mara nyingi unaleta minyoo. Chai nyeusi pamoja na chakula nayo hufanya hivyohivyo.

"Lakini chuma hakipotei bure," akasema. "Mama, hedhi yako ikoje?"

Mume wangu na baba mwenye nyumba wakakumbuka kwamba walikuwa na shughuli nje. Mama mdogo akaeleza kwa sauti ndogo. Damu ilimtoka nyingi, kwa siku nyingi, hata akawa anatandika kanga kuukuu juu ya godoro. Ilikuwa hivyo tangu mumewe akiwa hai. Wenzake walimwambia ni umri, itakoma yenyewe, akavumilia. Alipopigwa picha ya tumbo, kumbe alikuwa na uvimbe kwenye mji wa mimba. Niliiangalia sakafu. Mwanamke aliyeosha kila kitu ndani ya nyumba yangu alikuwa anaficha mashuka yake na kuyafua kabla hatujaamka.

Aliongezewa damu, na ndugu tukaombwa tuchangie benki ya damu. Mume wangu alipoona sindano alikaa chini mwenyewe. Baba mwenye nyumba akakunja shati. "Ukuta ameshakula," alimwambia muuguzi, "sasa amalizie na mwenye ukuta."

Tulirudi nyumbani na vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo. Hazikupita siku nyingi, akaniita kutoka chooni kwa sauti ya hofu. Choo chake kilikuwa kimekuwa cheusi. Alikuwa na hakika kwamba ukuta umeanza kutoka. Nikampigia daktari simu, akacheka, akasema ni vile vidonge, wala si ukuta. Mama mdogo hakuamini mpaka alipoongea naye mwenyewe.

Meza yetu ikageuka. Dagaa, maini kila tulipoweza, maharage, mchicha, na chungwa juu yake, kwa sababu daktari alisema machungwa husaidia chuma kuingia mwilini. Chai ilihamishiwa mbali na chakula, kwa wote. Mume wangu alinunua chupa yake ndogo akawa anakunywa akiwa amejificha nyuma ya jokofu bovu la mteja, na mama mdogo akawa anamfuatilia kwa harufu.

Ile hamu ilipotea kidogo kidogo. Jioni moja alikwangua kipande cha ukuta, akakionja, akakitema. Akaenda kumgongea baba mwenye nyumba kumuuliza amechanganya nini. Mzee akaapa kwamba hajagusa kitu, na nadhani aliumia.

Baadaye alifanyiwa upasuaji, uvimbe ukatolewa, na msimu wa kulima ulipofika akarudi kwake Sengerema. Siku moja akanipigia simu. Alikuwa amemkuta sokoni yule mama anayeuza udongo wa wajawazito, amekaa nyuma ya mafungu yake, anatafuna mali yake mwenyewe, viganja vyeupe. Alimbembeleza aende kupima damu. Yule mama akakubali kwa sharti moja, kwamba abaki mtu wa kumwuzia.

"Nikakaa mimi," mama mdogo akaniambia. "Asubuhi nzima. Kila mjamzito aliyekuja nilimwambia akapime damu kwanza, ndipo nimuuzie."

"Umeuza kiasi gani?"

"Hata fungu moja. Na amerudi na vidonge, ananigombeza kwa kumharibia biashara."

Nyuma yake nilimsikia mwanamke akigomba kweli, kwa sauti yenye nguvu zake zote.